Nafasi ya Kavira

Harufu ya kakao inayokauka si ile ya chokoleti, kama wanavyodhani waliozoea kuiona dukani. Ni harufu kali ya kitu kilichochachuka, siki kidogo, pombe ya ndizi kidogo, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Juzi iliingia nyumbani kwangu hapa Butembo, mashariki ya Kongo, kabla mgeni mwenyewe hajavua viatu. Nilikuwa kitandani, namnyonyesha mtoto wa siku tano, nikajua ni nani amekuja kutuona. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini niliogopa pia, kama ninavyoogopa kila anapokuja tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kwetu sisi Wanande jina la mtoto halitafutwi sana, maana linamngojea tangu tumboni. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, na wavulana wana safu yao inayoanza na Paluku. Ukimtajia mtu jina lako tu, ameshajua umezaliwa wa ngapi. Mimi ni Kavugho. Na nyumbani kwetu, kwenye kilima kile cha mikalitusi, mbele yangu palikuwa na dada mmoja peke yake, Masika, na nyuma yangu mdogo wetu wa kiume, Paluku. Kavira hakuwepo.

Nyumba nyingi zina mapengo ya namna hiyo, na watu wazima hawayaulizi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchokonoa. Nilimwuliza Mama siku moja tukichambua vitunguu vya majani vya kupeleka sokoni, mikono yetu imejaa udongo mweusi.

"Mama, Kavira wetu iko wapi?"

Kisu chake kilisimama. "Kavugho, enda kunawa ile mikono," alisema, na hakunitazama.

Basi nikafanya hesabu zangu mwenyewe. Kwa jirani zetu mtoto aliyekufa alikuwa na msalaba mahali fulani, au misa ya kumwombea, au picha iliyotundikwa ukutani. Sisi hatukuwa na kimojawapo. Asiye na kaburi yuko hai, nikaamua, na kama yuko hai na hayupo kwetu, ina maana Mama alimpa mtu. Nilitembea na wazo hilo mwaka mzima bila kumwambia hata Masika, na liliniogopesha na kunipendeza kwa pamoja.

Papa alikuwa akifuata mafuta ya mawese Beni kwa pikipiki yake, bidoni nne za plastiki nyuma, na kuyauza Butembo. Msimu ule habari za upande wa kule zilikuwa mbaya. Waasi walikuwa wakitoka msituni na kuingia mashambani, vijiji vya barabara ya Oicha na Eringeti, ng'ambo ya Beni, vilikuwa vinahama, na watu walionekana Beni wakitembea na magodoro kichwani bila kujua wanakwenda wapi. Alhamisi moja alasiri Papa alirudi bila bidoni. Nyuma yake alikaa msichana aliyevaa koti la mwanaume, miguu mitupu, na harufu ile ya kakao iliyotangulia kuingia uani.

"Huyu ni Kavira," Papa alisema. "Mutoto yetu. Atabakia hapa."

Mama alitoka jikoni akamkumbatia, wakakaa wote wawili chini kwenye udongo. "Mutoto yangu," Mama alisema, akarudia, akarudia tena. Masika aligeukia ukutani akafunika uso kwa kitenge. Mimi nilisimama na beseni la maji mkononi nikihesabu. Masika, Kavira, Kavugho. Safu yetu ilikuwa imetimia, na nilipaswa kushukuru. Badala yake niliona kama mtu amekuja kukaa kwenye kiti nilichokuwa nimekipasha moto.

Na kweli alikikalia. Kitanda nilicholala na Masika kikawa chao, nikahamia kwenye mkeka na Paluku ambaye bado alikojoa. Sweta langu la buluu akapewa yeye, maana alitoka nchi ya joto na baridi yetu ya asubuhi ilimtetemesha meno. Chakula kikipakuliwa, yeye aliwekewa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minne, mpole, wa maneno machache. Kila alichopewa alisema "wasingya," asante ya kwetu, kwa sauti ya kule bondeni, na hata upole wake uliniudhi. Mama akianika maharage uani, Kavira hakuyageuza kwa mkono kama sisi. Alivua viatu akatembea ndani yake polepole, akiburuta nyayo, mstari baada ya mstari, ndivyo wanavyogeuza kakao kule kwao. Mama alisimama mlangoni akimwangalia, machozi yakimtiririka. Nikasema moyoni, ndiyo, lia, ulimtoa mtoto wako mwenyewe na sasa dhamiri inakusuta.

Leo najionea aibu kwa jinsi nilivyokuwa na uhakika. Lakini kila kitu kilikubaliana na hesabu zangu. Kila Kavira ana Masika mbele yake, na huyu sikumsikia hata siku moja akimtaja Masika wa kwao. Masika wake, nilijua, ni Masika wetu.

Siku ya sita au ya saba nilikuwa nyuma ya nyumba nikiokota kuni, dirisha likiwa wazi. Papa na Mama walikuwa wakizungumza ndani kwa sauti ya chini.

"Mumoja atapaswa kwenda Kasugho, kwa dada yangu," Papa alisema. "Anangojea tu."

"Sawa. Mais lakini huyu hapana kumwambia kitu sasa," Mama akajibu. "Moyo yake haiko tayari. Tungoje kwanza anenepe kidogo."

Kuni zilinidondoka. Kasugho ni mbali, magharibi kabisa, shangazi yangu analima ndani ya msitu na nilikuwa nimemwona mara moja tu. Nani mwembamba nyumbani? Mimi. Nani asiyeambiwa kitu? Mimi. Mama aliyempa mtu binti wa pili sasa anampa mtu binti wa tatu, mmoja anaingia, mmoja anatoka. Sikulia. Niliziokota zile kuni moja moja, na nilipomaliza nilikuwa nimeshaamua kwamba sitakuwa mimi.

Kavira alikuwa na tabia moja. Kila alasiri, kazi zikiisha, alishuka hadi barabara kubwa mahali watu wanapopandia magari ya Beni, akakaa juu ya jiwe akitazama kila lori. Ijumaa nilimfuata.

"Unangojeaka nani?" nikamwuliza.

"Mama."

"Mama iko ku nyumba, anapika."

"Ule ni mama yako," alisema, bila ubaya wowote. "Miye nangojea yangu."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa anamsema mama aliyemlea, yule aliyepewa. Basi huyu naye hatutaki sisi, anamtaka mama yake wa kule. Akipatikana yule mama, kila mtu anarudi mahali pake, na mimi kitandani kwangu. Ningependa kusema nilimhurumia. Hapana. Nilichotaka ni aondoke, na niliona namna.

"Kavira, nilisahau kukuambia. Kuko chauffeur moja ya lori alipita hapa jana. Alisema ku Oicha kuko mama moja wa Eringeti, iko natafuta binti yake. Jina Kavira."

Aligeuka taratibu. "Uko nasema kweli?"

"Kweli."

"Alivaa nini?"

Nilikuwa nimemsikia akimsimulia Masika kuhusu kilemba cha mama yake. "Kilemba ya njano," nikasema.

Rangi ya uso wake ilibadilika. Alinishika mkono, akaubana hadi ukaniuma. "Iko muzima?"

"Muzima kabisa."

Aliingiza uso katikati ya magoti akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani anasali. Njiani tukirudi aliniuliza lori gani hutangulia kuondoka asubuhi, nami nikamwonyesha la kabichi, jekundu, la mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, jirani yetu wa chini ya kilima. Hata dereva nilimtafutia.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta sweta la buluu limekunjwa vizuri pembeni ya kichwa changu, kwenye mkeka. Nililiangalia. Ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye kilima na nyumba ilikuwa kimya. Nililivaa, na lilikuwa limeshika harufu yake yote.

Mama alirudi kutoka mtoni na maji, akaita, "Kavira," mara mbili. Akatazama chooni, akatazama kwenye shamba la ndizi, akamtuma Masika kwa majirani. Mimi niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Saa tatu kulikuwa na wanawake watano uani kwetu, na mmoja wao akaja na redio ndogo sikioni. Alisema risasi zimesikika barabara ya Oicha tangu alfajiri na magari yamezuiwa Beni hadi askari wa kuyasindikiza wawe tayari. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, nimemtuma mimi Oicha, na kila nilipofungua mdomo yalirudi ndani.

Papa alisukuma pikipiki nje lakini hakujua aende upande gani.

"Ataenda wapi?" Mama alimwambia, mikono kichwani. "Mama yake alikufa, Papa Masika. Ataenda kwa nani?"

Nilisikia nikisema, "Mama yake? Si ni weye?"

Wote walinigeukia. Mama alinitazama kama hanifahamu, kisha nikaona anafahamu, hatua kwa hatua, nilichokuwa nimebeba mwaka mzima. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Kavugho. Kavira yangu alikufa. Alikaa siku tatu tu, hakufika hata kubatizwa ku kanisa. Tulimuzika ku migomba ya babu yako, na mimi sikutaka mutu aniongeleshe habari yake. Huyu ni mutoto wa mudogo yangu, ule alifuata bwana ku Eringeti. Mutoto wa mudogo yangu ni mutoto yangu. Masika wake aliolewa mbali, ku Kamango, na mama yake, waasi balimuua mu shamba ya kakao. Hatukumwambia bado. Tulisema apate nguvu kwanza."

Ni yeye, basi, aliyekuwa hajanenepa. Ni yeye asiyeambiwa kitu.

"Mama, miye nilimudanganya," nikasema. "Nilimwambia mama yake iko Oicha. Nilisema iko muzima."

Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Mama hakunipiga. Aliweka kiganja mdomoni, na yule mwanamke mwenye redio akaizima.

"Gari ya nani?" Papa aliuliza.

"Ya kabichi. Ile nyekundu."

"Panda."

Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile, na hata saa mbili haikufika. Tuliteremka kutoka baridini kwenda jotoni, milima ikaisha, michikichi ikaanza. Watu walikuwa wanakuja upande wetu kwa miguu, mbuzi kwa kamba, mama mmoja amebeba mlango wa nyumba yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda tulikokwenda. Nilimshika Papa kiunoni nikiahidi mambo kwa Mungu. Niliahidi Kasugho. Niliahidi kitanda, sweta na nafasi ya mbele, achukue vyote, mradi awe bado Beni.

Kwenye kituo cha magari yanayoelekea Oicha na Eringeti, malori yalikuwa yamepangwa mstari na injini zinanguruma. Mbele kabisa askari walikuwa wameshapanda gari lao. Tulilikuta lile jekundu kando, likishusha kabichi, na yule mzee mwenye kofia ya sufu akanyoosha kidole. "Ule mutoto? Iko kule, gari ya tatu. Alisema anaenda kwa mama yake."

Lori la tatu lilikuwa la kwenda kuchukua kakao. Lilikuwa tupu, ila rundo la magunia ya zamani, na juu ya magunia alikaa Kavira na nguo zake ndani ya kitambaa. Alipotuona hakushangaa. Alishika ubao wa lori kwa mikono miwili.

"Papa, niache niende," alisema. "Mama iko Oicha."

"Shuka, mutoto yangu."

"Iko nanitafuta."

Nilimwona babangu, mtu anayebeba bidoni mbili kwa mkono mmoja, akimnyooshea mkono kisha akiurudisha. Alitazama chini. Dereva alichungulia dirishani. "Papa, escorte ya askari inaenda. Ashuke ao abakie, mais sasa."

Nikapanda gurudumu. Sikuwa jasiri, ila sikuona mtu mwingine wa kulifanya lile, maana uongo ulikuwa wangu. Nilining'inia kwenye ubao, uso kwa uso naye.

"Kavira, nilikudanganya. Hapana chauffeur. Hapana mama ku Oicha. Ile kilemba nilikusikia weye ukisema. Nilitaka uende, sababu nilijua ni miye batatuma Kasugho." Niliushika ubao vizuri zaidi. "Mama yako alikufa. Banajua ku nyumba, balikuficha."

Alinitazama. Hakulia wala hakunitukana. Gari la askari lilianza kusogea, la kwanza likafuata.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilimuona. Tulikuwa wote mu kakao. Alinisukuma mu majani, akakimbia upande ingine ili bamufuate yeye. Nilimuona anaanguka, kilemba ikatoka." Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma. "Mais weye ulisema muzima. Nikawaza labda macho yangu ilikosea. Nilikuwa mbali, sababu ile nilikuwa nangojeaka ku barabara."

"Na ku nyumba hukusema kitu?" Papa aliuliza kutoka chini.

"Hamukuniuliza, Papa. Niliona Mama iko nalia mu jiko, nikasema pengine hajue yote. Sikutaka kumwongezea."

Dereva alipiga honi. Kavira alirusha kile kitambaa chake chini kwanza, Papa akakidaka, kisha yeye mwenyewe akapitisha mguu juu ya ubao. Nilimpisha ashuke kabla yangu. Lori liliondoka likiwa tupu. Lilifika salama, tulisikia baadaye, na wapo walioniambia habari hiyo wakidhani itanifariji.

Tulirudi watatu kwenye pikipiki, Papa mbele, Kavira katikati, mimi nyuma yake. Tulipoanza kupanda kwenye baridi alitetemeka. Nilivua sweta nikampitishia begani. Alikaa nalo hivyo begani kwa kitambo, nikaona hataki kitu changu, halafu akalivaa.

Matanga yalifanywa siku ile ile, yale yaliyopaswa kufanywa wiki mbili kabla. Moto uliwashwa uani, majirani wakaja na kuni na viti, na Kavira akalia hatimaye, kwa sauti kubwa, Mama amemshika. Katikati ya kilio hicho nilimsikia Mama akimlilia na yule binti yake wa siku tatu, kwa jina, mbele za watu, kwa mara ya kwanza. Kasugho alikwenda Masika, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, kumsaidia shangazi aliyekuwa karibu kujifungua. Alikaa likizo nzima akarudi amenenepa. Hakuna aliyenipiga wala kuniadhibu kwa lolote, na mara nyingi nimetamani wangenipiga, tukamaliza. Mwaka uliofuata, mwalimu alipokuwa akisoma majina ya wanafunzi wa nyumba yetu, alisoma Masika, Kavira, Kavugho, na hakunyanyua kichwa kuuliza.

Kuhusu siku ile ya malori hatukuzungumza tena. Alikua, akaolewa, akarudi bondeni ambako wengi waliohama hawakuthubutu kurudi, na sasa ananunua kakao Beni kwa wakulima wanaodiriki kulima. Anapokuja Butembo analeta ndizi na harufu yake.

Juzi, basi, alinawa mikono akamchukua mtoto wangu mchanga. Ni binti yangu wa pili. Kwetu hakuna anayeuliza jina la binti wa pili, lakini yeye aliuliza.

"Banamuita nani?"

"Unajua."

"Sema."

"Kavira," nikasema.

Alimfunika mtoto vizuri. Masika wangu, mwenye miaka minne na maneno mengi, alikuwa amejibanza kwenye goti la Tante wake, yaani mama yake mkubwa, akivuta kitenge.

"Tante, na weye ni Kavira? Mama yako iko wapi?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa na jibu tamu tayari, yuko safari, yuko mbinguni anatuchekea, jibu la kumpa mtoto. Kavira alinitazama juu ya kichwa cha binti yangu. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama alivyongoja siku ile juu ya magunia, amesikia neno moja kutoka kwangu, lile la muzima, na anataka kujua kama ni la kweli.

"Alikufa," nikamwambia mwanangu. "Balimuua. Tante Kavira alimuona."

Mtoto alifikiri kidogo. "Alimuona na macho yake?"

"Na macho yake," nikasema. "Na haikukosea."

Kavira alivuta pumzi, akainama, akamrudisha mtoto kifuani kwangu. Mikono yangu ilinuka kakao hadi jioni, na sikuinawa.